Gobori la Babake Gilbert

Richfield, Minnesota
Jumapili, 23 Novemba 2025

Dada yangu mpenzi Bimkubwa,

Assalaam alaykum. Leo ni miaka saba na miezi miwili tangu mnisindikize uwanja wa ndege wa Mombasa, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza ya karatasi. Ulisema simu inakukatakata maneno. Nami, baada ya mazungumzo yetu ya mwisho, naona afadhali karatasi, maana haiwezi kukupandishia sauti.

Goti lako linaendeleaje? Shemeji Shee amepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi na mafuta ya taa, na moyo umechoka na watu. Theluji imeanza. Kazini bado tunagongomea vile vichanja vya mbao vya kuwekea mizigo, na mgongo wangu unajua wenyewe.

Nisikuzungushe. Nilikuudhi, na chanzo ni lile gobori, basi nikueleze lote.

Tajiri wangu Gilbert alilileta kazini mwezi wa tisa, limeviringishwa kwenye blanketi. Si la kale hasa, ni la mfano wa kale. Babake alilinunua vipande vipande ndani ya sanduku akaliunga mwenyewe sebuleni, Gilbert akiwa mdogo. Mzee alipofariki likabaki kwenye banda la gari huko Lakeville, chini ya paa linalovuja, miaka kumi na moja. Mtutu ulikuwa umevimba kutu kama ganda la fenesi.

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Baba yangu alikuwa akiyatengeneza haya." Ni kweli, lakini wewe unajua nani alivuta mivukuto na nani alitoroka kwenda kuogelea. Gilbert macho yakamtoka. Huku, Novemba ikiisha, kuna wiki mbili za kuwinda kulungu kwa magobori tu, naye anataka kwenda na la babake. Akasema nikilifanya lipige kabla ya tarehe ishirini na tisa, atanipa wiki tano nije nimwoze mwanangu Swafiya, na kazi yangu nitaikuta.

Wiki tano, dada. Hapa watu huomba siku tano wakanuniwa.

Farhan, huyu wa Mombasa ninayekaa naye, akakataa lisikanyage nyumbani wala kwenye gari lake. "Wewe Aidarus, na ndevu hizo, polisi akitusimamisha utamweleza kwamba ni la mfano?" Basi likakaa ghala ya nyuma kazini, na Jumamosi zangu zote zikaishia huko.

Kila kitu kilinikataa. Nilitaka makumbi ya kusugulia, kama alivyofanya baba. Nazi za hapa huuzwa zimeshafuliwa, hazina hata uzi mmoja. Skrubu zilikuwa zimeshikana na mti, nikazilowesha kwa mafuta ya taa. Gilbert naye hanipi nafasi ya kupumua. Kila Jumatatu ananionyesha video mpya ya mtu anayetoa kutu kwa kitu kingine: siki, soda, umeme. Akataka mtutu ung'ae kama kijiko. Nilipomaliza kuung'arisha akakumbuka kwamba wa babake ulikuwa wa rangi ya kahawia. Nikaanza upya.

Kilichonishinda kabisa ni kile kichuchu cha nyuma kinachovishwa fataki ya kuwashia baruti. Hakizunguki. Nikaazima mtungi wa gesi ya kuchomelea ili nikipashe moto kilegee. Hiyo ndiyo siku niliyokupigia kujigamba, nawe ukaniuliza neno moja: "Ulipima?"

Nikakujibu ndiyo. Nikakwambia usiniulize kama mtoto, mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu. Kisha simu ikakatika, na haukuwa mtandao. Niliikata mimi.

Dada, sikuwa nimepima.

Gesi nilishaiwasha. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukichuchumaa mlangoni kwa baba na kipande cha chaki. Baba hapokei gobori la mtu kabla hujatia mdeki, ule ufito wa kushindilia, ndani ya mtutu ukafika unapofika, ukautia alama ya chaki usawa wa mdomo wa mtutu, ukautoa na kuulaza juu yake kwa nje kuona kama ulifika mwisho. Mwenye gobori ataapa kwamba halina kitu, na baba anakwambia wewe, "Pima." Nikazima gesi. Nilizima kwa hasira, sikufichi. Nilitaka kukuonyesha kwamba umekosea. Nikatia mdeki. Ukasimama vidole vinne kabla ya mwisho.

Baruti na risasi vilikuwa ndani. Wiki saba nilikuwa nimelipakata gobori lile magotini, nikichungulia mdomo wake kwa jicho langu hili. Kwanza nikautoa nje mtungi wa gesi.

Nikalijaza maji, nikaliacha siku mbili, kisha nikaivuta risasi kwa parafujo niliyoifunga kwenye ncha ya mdeki. Baruti ikatoka tope jeusi. Nilipotumbukiza kijitaa ndani nikaona nisichotaka kukiona: kutu imekula chuma kwa ndani, mashimo ya kuingia punje ya mtama, pale pale panapokaa baruti. Mtutu ule ukipigwa unaweza kumpasukia mtu usoni.

Kwa nje gobori lilikuwa limependeza, na Gilbert hangejua. Nikinyamaza, wiki tano ni zangu. Jumatatu nzima nilinyamaza. Jumanne nikaingia ofisini kwake, nikaweka risasi mezani, nikamwambia kwamba lilikuwa limeshindiliwa, kwamba halifai kupigwa tena, na kwamba fundi ni dada yangu, si mimi.

Akaichukua ile risasi. Akasema babake, msimu wake wa mwisho, alirudi akaeleza kwamba kulungu hakutokea, akaenda kulala. Halafu mtu huyu akanigeukia. "Tulikubaliana lipige." Siku tatu hakunisalimu. Akawapelekea mafundi wawili wengine, nao wakamwambia yale yale. Ijumaa akaja ninapogongomea, akasema atalitundika ukutani, na wiki tano hazipo. Ni siku kumi na mbili, pamoja na safari. Mimi hakunishukuru. Shukrani alizituma kwako, nami nimeziandika hapa ili nisibaki nazo.

Nimeudhika, dada, na siwezi kusema nimeonewa. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Mama Swafiya nitampigia mwenyewe. Swafiya mwambie Ijumaa ile ya ndoa yake, tarehe 2 Januari, sitakosa kukaa mbele ya kadhi. Nisalimie Shemeji Shee na Mwana Esha, na wote wa mtaani wanaonikumbuka. Mungu akupe nafuu ya goti, akuweke na macho yako makali, atukutanishe tukiwa wazima.

Nitafika nyumbani Siyu Jumanne, tarehe 30 Disemba, inshallah. Ukinifungulia mlango, kabla hujanipa maji, niulize tena swali lile. Nitakujibu kweli, hata mbele ya watu.

Ndugu yako akupendaye, aliyekukatia simu,
Aidarus