Wito wa Tatu

Dago la wakata mikoko, Mbuchi
Jumatano, 15 Machi 1939

Kwa kaka yangu mpendwa, Mwalimu Hilal bin Habibu, Mkongo.

Assalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji Mwantumu, na kwamba uvimbe wa miguu ya mama umepungua. Sisi huku tu wazima wa mwili, na mke wangu Fatu anakusalimu sana. Nasema wa mwili kwa sababu mwenzio nimeingiwa na hofu. Tangu wiki iliyopita silali, wala chakula hakipiti.

Nilikwisha kukuandikia habari za Bwana Emili, yule Mzungu aliyeletwa kupima mikoko, nami nikapewa kuwa mnyapara wake. Watu walimwita Mdachi kwa kuwa ametoka Ujerumani, naye akikataa. Ni Myahudi. Wadachi wenzake walimfukuza kazi, wakampigia muhuri kwenye karatasi zake, akakimbia. Mkewe alibaki huko na barua zake zimekatika.

Ulinionya nisiyazoee maneno yake ya dini. Kaka, niliyazoea. Mchana tukipumzika alinisimulia mafundisho ya mwalimu wake mmoja, Myahudi mwenziwe. Eti mwanadamu ana namna mbili za kusimama mbele ya mwenziwe. Moja ni kumpima na kumtumia, kama sisi na boriti: hii nene, hii nyembamba, kata. Ya pili ni kumgeukia mzima mzima na kumwambia "wewe". Mapenzi, alisema, hayakai moyoni mwa mtu mmoja, yako kati ya wawili, na mmoja akinyamaza yanakosa pa kukaa. Na Mungu hasemwi habari zake, husemeshwa tu. Anayemwambia mwenziwe "wewe" kwa kweli amekwisha kumsemesha na Yeye. Nikamtania kwamba amevuka bahari yote ile kuja kumfundisha Mwislamu jambo analolifanya mara tano kwa siku. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanishika mkono, akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kumjibu tangu atoke kwao.

Sasa amekufa. Alhamisi iliyopita maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa kupita siku zote. Miraji mwenye mtumbwi alitupeleka kazini, mimi nikaweke alama miti ya upande wa juu, Bwana Emili apime upande wa chini. Tulikubaliana Miraji amchukue adhuhuri kabla maji hayajajaa, na mimi nirudi kwa miguu. Miraji anasema alimfuata, Bwana akamrudisha, hajamaliza kupima, aje baada ya alasiri. Alipokwenda tena akaita na kuita, kimya, maji yamefunika kila kitu. Hakuna aliyemwamini. Ijumaa asubuhi tulimkuta Bwana amekwama, mguu umenaswa katika mizizi ya mkoko, na alama ya maji juu ya shina imepita kichwa chake. Askari wakasema Miraji ndiye aliyemzamisha, wakamchukua bomani Utete. Watu wanasema atanyongwa. Nami nilipoulizwa niliapa kwamba sikusikia kitu.

Nilisikia, kaka.

Ilikuwa alasiri, sala inaingia. Nilisikia jina langu likiitwa kutoka upande wa chini, ambako nilijua hakuna mtu tena, maana Bwana alikuwa wa kuchukuliwa adhuhuri. Unajua marehemu baba alivyotulea: mikokoni ukiitwa na usiyemwona, huitiki mpaka wito wa tatu, maana shetani huita mara mbili tu. Niliweka panga chini, nikasubiri. Jina likaja mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Nikasubiri la tatu. Halikuja. Na hili naona haya kuliandika: nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa kuniokoa, nikachukua panga langu nikaenda zangu nyumbani, kumbe maji yalikuwa yamemfika mdomoni.

Saa ile Miraji alikuwa msikitini hapa Mbuchi, safu ya kwanza, watu walimwona. Nikisema nilichosikia, na saa niliyosikia, atatoka. Lakini wataniuliza kwa nini sikuitika, na sijui hakimu wa Kizungu nitamweleza vipi habari za wito wa tatu. Atasema nilimwacha mtu afe, na nikijiuliza mwenyewe sioni cha kumbishia. Fatu akiniita nashtuka. Nikisimama kusali, nikifika pale pa kumwambia Mungu "Wewe", ulimi unakauka.

Keshokutwa naondoka kwenda Utete kusema yote. Usinitafutie vitabuni kama nina dhambi au sina. Njoo tu Utete usimame karibu nami. Wakinifunga, mchukue Fatu akae kwenu Mkongo. Ana mimba ya miezi sita na bado hajui lolote.

Nibusie mama mikono, wala usimsomee waraka huu. Salamu kwa shemeji na majirani wote wanaonikumbuka. Naogopa, kaka. Nitakwenda hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Sadala bin Habibu