Shangazi Kaambiwa Aende kwa Wifi Yake

Mwenzangu, siamini mpaka sasa! Shangazi kapitisha mkasi pabaya kwenye gauni la bibi harusi. Na harusi ni kesho!

Kapiga magoti hapohapo juu ya vitambaa. "Bwana, nionyeshe pa kwenda, nitatii." Mara kafumbua macho kama kamwagiwa maji. "Kwa wifi? Bwana, labda hukunisikia vizuri."

Unamjua wifi yake, ndiye aliyemfundisha kushona, na siku hizi hawasalimiani.

Kaomba tena, kwa sauti kubwa zaidi, eti Mungu asikie! Jibu lilelile.

Basi kabeba gauni, mimi nyuma. Wifi kafungua mlango. "Nani kakutuma?"

"Mungu."

Wifi kainamisha macho. "Mimi kanituma kwako tangu Jumapili. Nikamwambia uanze wewe."