Haki Yako, Kaka Deo

Kaka Deo,

Walipokurudisha kutoka shambani, shingo yako ilikuwa… Mama hataki niliseme hilo, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ulikwenda kuwatoa ng'ombe kwenye mpunga wetu kule Idete, mwenye ng'ombe akakukata panga. Hata hatujakuzika, baba mdogo akakusanya vijana. "Twendeni tukachukue haki ya Deo!" Na mimi nikaenda, kanga yangu ina damu yako.

Tulichoma boma la kwanza tulilolikuta. Ndama walilia motoni mpaka wakanyamaza. Hapo tukamkamata Masanja, yule mfugaji aliyekuwa akituuzia maziwa. Walimpiga fimbo na mawe, jicho likapasuka, meno yakamwagika mchangani. Alikuwa anajaribu kusema kitu. Kila akifungua mdomo, wanampiga mdomoni. Baba mdogo akanipa panga.

"Mdogo wa marehemu ndiye amalize. Ni haki yako."

Nililishika, kaka. Nilitaka.

Ndipo nikakukumbuka jioni moja unasahihisha kazi za darasa la sita. Mtoto alikuwa ametunga sentensi: "Mwizi alichomwa moto, akapata haki yake." Ukamkosesha. Nikabisha, mbona sarufi iko sawa? Ukasema, "Sarufi haina shida. Neno ndilo hajalielewa. Hapo angeandika kisasi. Haki humsikiliza mtu kwanza."

Nikatupa panga, nikapiga kelele, "Mwacheni aseme!" Baba mdogo akanizaba kofi, nikamwangukia Masanja. Sikuinuka. Nilimfunika, fimbo zikanishukia mgongoni mpaka mtu akasema, "Jamani, tutamuua mtoto wetu." Wakaacha. Masanja akatema damu, akasema ng'ombe wale hawakuwa wake. Alimwona aliyekukata. Akamtaja kwa jina.

Polisi walimkuta mtu huyo Kidatu, anasubiri basi. Masanja bado yuko hospitali Ifakara, jicho wameliondoa. Baba mdogo ananiita msaliti. Namwamkia mama shikamoo, haitikii.

Wiki ijayo kesi inaanza. Lala, kaka yangu. Nakuahidi nitasimama mahakamani, niseme yote niliyoyaona mwilini mwako, hata mama akitoka nje. Halafu yeye aliyekuua atapewa nafasi yake, nami nitakaa hapohapo nimsikilize mpaka amalize, hata kama nitauma ulimi utoke damu.

Mdogo wako,
Asteria