Betri Mbili za Gari la Baba

Ihanda, Mbozi

Kaka Ipyana,

Salamu nimeziacha makusudi. Kahawa tumevuna. Friji lako la bia nimelitoa garini, kuku wa mama anaatamia humo.

Msibani ulisimama ukasema baba aliondoka ghafla. Ghafla gani? Ulipofunga friji na spika zako kwenye gari la baba, fundi wa Tunduma alikuambia betri ya pili itenganishwe na ile ya kuwashia gari. Ukamcheka mbele yangu: "Ziunge tu, zisaidiane!" Friji na spika zako zikanyonya betri zote mbili, wewe ukapanda basi kurudi Dar.

Kesho yake baba alibanwa kifua. Gari halikuwaka. Tulilisukuma na majirani, yeye akiwa ndani, akituomba radhi kwa uzito wake.

Liliwaka tulipofika mteremkoni. Baba hakulisikia.

Mdogo wako,
Gwantwa