Unyayo Usiokuwa wa Moses

Minneapolis, Agosti

Dada Eliza,

Shikamoo. Ukiutambua mwandiko wangu kwenye bahasha, nakuomba usimrudishie aliyekuletea. Ni kijana wa Makambako, amemaliza masomo hapa na anarudi moja kwa moja nyumbani. Hajui kilichomo, na hajui kwamba mimi na wewe hatuzungumzi.

U hali gani, dada? Mama anaendeleaje na goti lake? Baridi ya mwaka huu imemwachia au bado analala na soksi mbili? Shemeji bado anagombana na ile pampu ya maji? Wanangu uliowazaa wewe, Happy na Joshua, wanakwenda shule vizuri? Nauliza kana kwamba nina haki ya kuuliza, na tangu Mei sijauliza hata mara moja. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nimenenepa mashavu, na jua la huku limeniunguza kuliko lile la kupalilia viazi huko kwetu.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu hukatwa, na kati yetu sisi wawili anayejua kuikata ni mimi. Barua unaweza kuichana, hiyo ni haki yako, ila angalau humo ndani sitakukatiza maneno.

Acha nianze na kazi, maana kazi ndiyo iliyonifikisha kwenye kuandika. Usicheke. Kiangazi chote nimekuwa mtunza mbwa. Mbwa thelathini na wanne, wa kuvuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye theluji. Wako kwenye shamba moja nje kidogo ya Lakeville, kusini mwa jiji, na mwenye shamba ni mama mmoja aitwaye Joan, mrefu, mwenye mikono kama ya fundi, anayezungumza na mbwa kwa upole na kuwapa watu amri. Kwetu mbwa hupewa ugali uliobaki na kazi ya kubweka. Huku wana vitana, dawa za makucha, na kila mmoja nyumba yake yenye jina mlangoni.

Sasa mbwa wa baridi akikutana na joto la Julai anatia huruma. Hawakimbii, maana wangeanguka. Wanachimba mashimo na kulala humo tumbo likigusa udongo wa chini uliopoa. Manyoya yanapukutika, ukimchana mmoja unapata ya kujaza mto. Nilikuwa nayo kwenye nywele, kwenye chai, kwenye Biblia. Anayenichukua kwa gari kutoka Cedar-Riverside, mtaa ninaokaa, kila asubuhi ni Baba Rehema, Mkongo wa Uvira, mzee wa kanisa, aliyefika huku na watoto watano. Kazi yake ni kuchemsha supu ya mifupa. Tunaigandisha kwenye ndoo, na mchana kila mbwa anapewa bonge lake alambe. "Mi nilikimbia vita," huniambia akikoroga, "leo napikia mbwa crème glacée, aiskrimu. Mungu iko na mambo."

Kisha kuna watu wa mbwa. Kila mbwa ana mtu au familia inayomchangia chakula na matibabu, nao wanamwita wetu. Jumamosi wanakuja na vitana vyao, wanakaa chini kwenye majani na kuwachana. Majira ya baridi huenda kuwashangilia wakikimbia. Kiangazi hakuna cha kushangilia, basi kila baada ya wiki mbili mtu hupata barua iliyoandikwa kana kwamba mbwa wake ndiye anayesimulia, na chini yake unyayo halisi wa mbwa huyo uliochovywa kwenye wino. Joan hapendi kuandika. Alisoma barua moja niliyojaribu, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo zote zikawa zangu. Niliandika kwa niaba ya mbwa thelathini na wanne, dada. Wewe sikukuandikia hata mstari.

Mkubwa wao aliitwa Moses. Miaka kumi na mitatu, jicho moja la buluu, zamani ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya wenzake wote. Mtu wake alikuwa Bibi Dorothy wa Savage, mji wa jirani, mjane wa miaka themanini na miwili. Kila Jumamosi alikuja na kiti chake cha kukunja, akamchana Moses na kumsimulia habari za kanisani kwao, nani kaimba vibaya, nani kaleta keki iliyoungua. Mimi alinipenda kwa sababu nilimwamkia kwa kuinama kidogo, tulivyofundishwa. Alisema wajukuu wake humsalimia wakiwa wanatazama simu.

Mwanzoni mwa Julai Bibi Dorothy alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga. Madaktari walitaka kumpasua lakini wakawa na wasiwasi na moyo wake. Wiki hiyohiyo Moses akaacha kula. Daktari wa mifugo alikuja, akampapasa, akasema ni uzee, tumwache shimoni kwake alikozoea. Siku ya tatu nilikaa naye tangu saa sita mchana, nikimlowanisha ulimi kwa kitambaa, hadi alipokwisha.

Joan alilia, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akachukua simu ampigie mtoto wa Bibi Dorothy. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Hakuna aliyeniuliza, dada. Nilisema: "Tusimwambie kwanza. Ana jambo zito mbele yake. Akishapita salama ndipo ajue."

Nilijisikia nikiyasema. Yalikuwa maneno yako, kwa mpangilio uleule, uliyoniambia mwezi wa Mei ulipokuwa ukinieleza kwa nini baba alizikwa na mimi nikaja kujua siku kumi na moja baadaye, mitihani yangu ilipokwisha. Maneno ambayo nilikujibu kwamba ulificha ili umzike peke yako, uonekane wewe ndiye mtoto wa kweli, na kwamba kuanzia siku hiyo sina dada. Nilikutukana kwa ajili ya maneno hayo, na haukupita hata msimu mmoja nikayatumia kwa ajili ya mbwa.

Joan alisema ni wazo jema. Mtoto wa bibi alinishukuru sana kwenye simu. Baba Rehema peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa akisugua sufuria, wala hakuinua kichwa. "Iyi maneno ya kuficha, mi siingie," alisema. "Utaandika weye peke yako."

Nikaandika peke yangu. Nilimchukua Miriam, binti wa dada yake Moses, mwenye mguu wa ukubwa uleule, nikauchovya kwenye wino na kuukandamiza chini ya karatasi. Moses akasema anachimba shimo jipya karibu na uzio, kwamba supu ya leo ilikuwa na chumvi, kwamba anamsubiri. Upasuaji ukapita salama. Nikasema aanze kwanza kutembea. Akaanza kutembea. Nikasema basi arudi kwanza nyumbani. Ukishaanza hupati siku inayofaa, sasa najua. Nilikuuliza kwa kelele ilikuwaje siku kumi na moja zikapita bila wewe kupata dakika tano. Ndivyo zinavyopita, dada. Barua zikawa tatu. Na lililo baya zaidi ni kwamba zilinoga. Niliziandika vizuri kuliko nyingine zote.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya watu wote wa mbwa kukusanyika. Mahindi ya kuchemsha, juisi ya malimau, watoto kila mahali. Bibi Dorothy akaja, amekonda, anasukuma fremu ya kutembelea, mwanawe nyuma yake ana kile kiti cha kukunja. Tulikuwa tumepanga kwamba Joan ndiye atakayemwambia. Nilipomwona Joan anamwendea nilimwomba aniachie. Lilikuwa langu.

Nilimkalisha kando ya uzio, nikapiga magoti kwenye majani, nikamwambia. Kwamba Moses amekufa, kwamba ni tangu Julai, kwamba aliyesema tumfiche ni mimi na si mwanawe wala Joan. Aliitazama nyumba tupu ya Moses.

"Nimemzika mume," alisema. "Nimemzika mtoto wa kike. Nani alikutuma unipimie ninachoweza kubeba?"

Alikuwa na haki, na hapa nikuambie ukweli, dada: nami nilikuwa na haki ya kumzika baba. Hilo sitalifuta ili barua iwe tamu. Nilitaka kushika udongo na kuutupa kaburini. Lakini nilipokuwa nimepiga magoti pale, nilijua pia kwamba sikumficha bibi yule kwa ubaya wala kwa kujitafutia sifa. Nilimficha kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilikuwa mwoga. Basi na wewe nilikusingizia. Nilikusingizia kitu kibaya ambacho hukukifanya, kaburi likiwa bado bichi, wewe hujapumzika vizuri. Nisamehe.

Kisha akaniuliza Moses alikufaje. Nilianza kwa kifupi, akanizuia na kunirudisha mwanzo. Alitaka kujua alilala ubavu gani, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, kama alilia, kama macho yalikuwa wazi, nilikuwa nimeweka wapi mkono wangu. Nikamweleza yote. Tulikaa hivyo mpaka mahindi yakaisha, na nilipomaliza nilihisi mgongo umekuwa mwepesi, maana tangu Julai hakuna aliyeniuliza. Ndipo nikakuwaza wewe. Ulikuwa peke yako na baba hospitalini, siku mbili. Mama hakuweza kusimama, shemeji alikuwa safarini. Mtu pekee ambaye ungemweleza yote ni mimi, nami nilikata simu.

Nilidhani tumemaliza. Bibi Dorothy akafungua mkoba wake akatoa zile barua tatu, zimekunjwa vizuri, akaziweka juu ya goti na kugusa ule unyayo wa wino kwa kidole.

"Moses hakuwa na kidole cha nje kwenye mguu huu," alisema. "Kiliganda kwa baridi akiwa mdogo, kikakatwa. Hapa viko vyote."

Mimi niliyekuwa nikimpaka dawa mguu huo kila asubuhi nilikuwa nimesahau. Nikamuuliza alitambua lini. Akasema barua ya kwanza, palepale kitandani hospitalini. Nikamuuliza mbona hakusema, mbona hata alijibu kwa mkono wake mwenyewe, akimwagiza Moses asichimbe karibu na uzio.

"Kwa sababu ningeuliza," alisema, "ungenijibu."

Dada, niliondoka pale nikaenda nyuma ya ghala nikalia hadi Baba Rehema akaja kunitafuta. Alidhani namlilia mbwa. Sikuweza kumweleza, maana ninayetakiwa kumweleza ni wewe, na nimechukua kurasa zote hizi kabla ya kufika hapa.

Ile Jumatatu ya Mei nilipopiga simu. Unaikumbuka. Nilikuwa na mitihani miwili iliyobaki. Nilimpigia baba, simu yake ikapokelewa na wewe. Nikakuambia nataka kumwamkia, ukasema ametoka kidogo, yuko shambani. Nyuma yako wanawake walikuwa wanaimba. Nikauliza nani wanaimba, ukasema kwaya ya akina mama inafanya mazoezi. Nikasema haya, wasalimie, nikacheka kidogo, nikakata.

Kwaya haifanyi mazoezi uani kwetu, dada. Na wimbo ule nimeuimba mwenyewe kwa bibi na kwa babu. Najua unaimbwa lini. Nilisimama pale na simu mkononi na nilijua. Sijui kama nilijua ni baba, lakini nilijua nyumbani kuna msiba na kwamba yeye hakupokea simu yake. Ningekupigia tena, nikakuuliza mara moja tu, ungeniambia. Hukuwahi kuweza kunidanganya nikikukazia. Sikupiga. Nilikwenda maktaba, nikasoma, nikafanya mitihani yote miwili, nikafaulu. Kisha uliponiambia nikapiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Zile siku kumi na moja hukunificha peke yako. Tulificha wote wawili, ila mzigo na lawama ulibeba wewe.

Nipigie, tafadhali. Namba yako niliyokuwa nimeizuia nimeifungulia tangu juzi. Anzia baba alipoanguka, usiruke kitu, usinipunguzie. Nataka ubavu aliolalia.

Mpe mama shikamoo yangu na umwambie namwombea goti lake. Msalimie shangazi aliyekaa na wewe matanga yote, msalimie shemeji na pampu yake, na wanangu waambie mama yao mdogo anawapenda na atawaletea picha za mbwa wenye macho ya buluu. Na siku ile nilipokutukana nilijua umeweka spika. Nilisikia mama akikohoa, nikapaza sauti makusudi ili wote wasikie. Kwa hiyo ukimaliza kusoma peke yako, wakalishe haohao, mama, shangazi, shemeji, uwasomee. Ukichoka na habari za mbwa, ziruke. Pale penye simu ya Jumatatu usiparuke.

Mdogo wako, kama bado unanitaka,
Neema