Kiti cha Mbele

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeanza kusikia dawa. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inayonionea. Kazi ya udobi hotelini ni ile ile: mashuka yanakuja machafu, yanaondoka meupe, kesho yanarudi. Ila sasa wamenifanya msimamizi wa zamu, kwa hiyo nachosha mikono kidogo na mdomo zaidi.

Nina habari. Unakuja kunitembelea mwezi wa tano, na nauli hulipi wewe wala silipi mimi.

Usishtuke, sijaiba. Nina kadi ya benki, ile ya mkopo. Kila ninapolipia kitu kwa kadi hiyo, benki inanipa pointi. Mwisho wa mwezi nalipa deni lote kabla riba haijaniona, na pointi zinabaki zangu. Zikishakuwa nyingi zinageuka tiketi ya ndege. Siku hizi noti nazisahau sura. Nikinunua mkate, kadi. Wenzangu wakitaka kula mchana, nawalipia wote kwa kadi na wao wananirudishia taslimu. Wananiita Bwana Pointi, na wala sikasiriki.

Kazi ni kujua pa kuzitumia. Mtu asiyejua anazinunulia birika, au kiti cha nyuma cha ndege, anapata nusu ya thamani yake. Anayejua anachukua kiti cha mbele, ambacho kwa pesa taslimu kinauzwa bei ya kutisha. Zangu zinatosha kiti kimoja cha mbele, kwenda na kurudi. Kinakunjuka kikawa kitanda, mama. Chakula utaletewa kwenye sahani ya kweli, si ya plastiki.

Anza kutafuta pasipoti. Viza utagongewa uwanja wa ndege ukifika, hiyo isikuumize kichwa. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine kwa ile barua ya mwaka jana ambayo hukusalimia. Sisi wazima. Goti linauma likikumbuka. Salamu zako za "wote" nimezifikisha, ingawa hapa nyumbani wote ni mimi, baba yako na paka, na paka hakuitika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampa dada wa kopi anisomee labda yeye ana masikio mengine. Ni yule mwenye kiduka cha kutoa kopi, mkabala na kibanda cha viatu cha baba yako. Ndiye anayezipiga picha barua zangu na kukutumia kwa kompyuta yake. Naye hakuelewa. Mimi nimekua nikiambiwa usile akiba, na wewe unaniambia ukila ndiyo unaweka. Anayetumia sana ndiye anayepewa bure? Sasa huyo anayetoa, anapata nini? Nilimwambia jirani kwamba mwanangu ana pointi nyingi, akauliza timu yako inashika nafasi ya ngapi. Nikasema ya kwanza, nisikuaibishe.

Pasipoti nimepata. Baba yako alinisindikiza, maana foleni yenyewe si ya mtu mwenye goti. Tulipofika dirishani yule ofisa akamwuliza, "Na mzee naye?" Baba yako akaona haya kusema kwamba yeye kaja kunishikia mkoba tu. Akapigwa picha, akaweka vidole. Sasa pasipoti mbili ziko kabatini kwenye mfuko mmoja, rangi moja, unene mmoja, zinafanana kama pacha.

Nikuulize jambo moja, univumilie mama yako mzito wa kuelewa. Umesema pointi zinatosha kiti kimoja cha mbele. Zingetosha vingapi vya nyuma?

Mama yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, nashukuru.

Vya nyuma zingetosha viwili. Lakini huko ni kuzitupa, mama. Kiti cha nyuma hata kwa pesa si ghali sana, kwa hiyo kila pointi inakupa kidogo. Cha mbele kila pointi inakupa mara mbili, mara tatu. Nimekaa miaka nikikusanya, siwezi kumaliza kwa hasara.

Na najua unakoelekea na swali lako. Baba hajawahi kusema anataka kuja. Siku nilipomaliza shule alikwenda kuandika kibao pale kibandani, FUNDI VIATU NA MWANAWE, wala hakuniuliza. Mimi nikaondoka. Mwaka haujaisha, jirani akaniambia baba kachukua rangi nyeupe kafuta "na Mwanawe". Tangu siku hiyo hajapiga simu, nami sijapiga. Mtu aliyenifuta kwa brashi, nimnunulie kiti? Lakini hayo ni mengine. Hapa tunazungumzia thamani ya pointi, tusichanganye mambo.

Sasa fuata haya. Nimeongea na dawati la safari la benki, wale wanaokata tiketi za pointi, wamenishikia kiti. Wao wanaogopa wizi wa pointi, kwa hiyo hawataki mimi niwape jina. Wanataka msafiri mwenyewe awatumie kopi ya pasipoti, ukurasa wenye picha. Atakayeonekana kwenye kopi ndiye wanayemkatia tiketi. Anwani yao nimeiandika chini ya barua hii. Mpe dada wa kopi, atume ukurasa huo mmoja. Usichelewe, hawakai na kiti muda mrefu.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi wazima.

Nimetuma. Nilikwenda na mfuko wote, miwani nikaisahau juu ya friji. Dada wa kopi akaniuliza ni ipi, nikampa. Mashine ikanguruma, kompyuta ikasema imekwenda. Baba yako alikuwa ng'ambo ya barabara anagonga kisigino, akatupungia nyundo.

Haya mambo yenu ya kadi yananichanganya, lakini nimefanya kama ulivyosema. Ukurasa mmoja.

Mama yako


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Tiketi imetoka. Ina jina la baba na tarehe yake ya kuzaliwa. Kiti cha mbele, dirishani, kwenda na kurudi, chote cha baba.

Nimewapigia dawati. Wanasema inafutika, lakini wakifuta wanabaki na theluthi ya pointi zangu, na zitakazorudi hazitoshi tena kiti cha mbele. Na kiti chenyewe kwa pointi kiasi kile hakipatikani tena mpaka mwakani. Nimeshika kalamu tangu nitoke kazini. Nikifuta, nimepoteza. Nikiacha, sijui nimefanya nini. Zamu ya leo nimetia mashuka ya rangi pamoja na meupe, jambo ambalo hata mgeni wa siku ya kwanza halifanyi.

Ulimpa pasipoti ipi, mama? Hukutazama picha? Yule ana masharubu.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi wazima, na najua wewe hujambo ila umekasirika.

Nimechanganyikiwa, mwanangu. Pasipoti zinafanana, nimekwambia tangu mwanzo. Miwani ilikuwa juu ya friji. Picha zenyewe wametupiga tumetoa macho kama tumefumaniwa, nani atajua mume ni yupi. Na dada wa kopi naye haangalii, yeye anaangalia mashine isimeze karatasi.

Baba yako nimemwambia. Sikuwa na namna, lile karatasi la tiketi lilikuja kwenye kompyuta ya kopi, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kama la mtu anayetafutwa. Alikuwa anashona soli. Akauliza nani kalipa. Nikasema hakuna aliyelipa. Akasema cha bure huwa na kasoro, akaendelea kushona. Baadaye, tunakula, akauliza kama ni kweli kile kiti kinalala. Siku hizi mgongo haumnyooki mpaka jua lipande, kwa ule mwinamo wa miaka yote. Wewe huujui mgongo huo wa sasa, ulimwacha anasimama wima.

Sitakwambia ufanye nini. Wewe ndiye mwenye hesabu, mimi ni mtu wa kuchanganyikiwa. Niambie tu kwa hesabu zako: kati ya kufuta na kuacha, ipi ni hasara kubwa zaidi?

Mama yako


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Natumaini goti halijambo.

Nimepiga hesabu kila namna. Nimejumlisha, nimegawanya, nimemwuliza mhasibu wa hoteli bila kumwambia ni za nani. Zote zinamleta baba. Nikitaka nisipoteze pointi hata moja, yeye ndiye anapanda ndege. Sijawahi kuona hesabu sahihi inayoniudhi namna hii.

Mwambie achukue sweta. Mwambie nitakuwa uwanjani. Zaidi ya hapo usimwambie kitu.

Mwanao


12 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mara mbili, yangu na ya baba, ingawa yeye hapaswi kukuamkia. Sisi wazima kabisa.

Alifika salama. Nilimwona akitoka na lile sweta la kahawia, mfupi kuliko nilivyomweka kichwani. Tukapeana mikono kama watu wanaouziana baiskeli. Ndani ya gari nikamwuliza, ulilala vizuri? Akasema hakulala. Kile kiti hakukikunjua kabisa; anasema hawezi kulala chali mbele ya watu asiowajua. Chakula pia alikataa, alikula mkate tu, maana alidhani bili itakuja mwishoni. Mama, kiti ambacho nimekipigania miaka yote hiyo, baba amekikalia kama benchi la zahanati. Sijui thamani yake nimpelekee nani.

Jambo moja tu lilimfurahisha. Pale uwanjani abiria walipoambiwa wavue viatu, vikapita mbele yake kwenye mkanda wa mashine ya ukaguzi, jozi kwa jozi. Anasema watu wana masuti ya maana na soli zimekufa.

Siku za mwanzo tuliongea hali ya hewa mpaka ikaisha. Halafu Jumapili nikamkuta ameketi chini sebuleni, kiatu changu cha kazini mapajani. Sindano na uzi wa nta alivificha kwenye begi, ndani ya soksi. Hakuniomba ruhusa, kama vile hakuniomba kwa kile kibao. Nikakaa naye chini. Sijui nini kilinisukuma, nikamwuliza kwa nini alinifuta.

Alivuta uzi kwanza. Halafu akasema, "Kila mteja akikaa, anasoma kibao, ananiuliza mwanao yuko wapi. Nikawa najibu. Ikafika siku sikuwa na jibu, maana ulikuwa hujaandika nyumbani, na mimi nilikuwa sijui. Ndipo nikachukua rangi."

Nikamwambia nilidhani ni hasira. Akasema, "Hasira ningekuandikia barua."

Nililia, mama. Nakuandikia wazi, mwanaume mzima, msimamizi wa zamu. Yeye aliinamisha uso kwenye kiatu akawa anatafuta tundu ambalo alikuwa ameshalipata.

Sasa tunaongea mpaka nachelewa kazini. Lakini kuna tatizo. Jioni tukikaa mezani, anaweka vikombe vitatu. Anasema ni mazoea, anakirudisha kimoja, kesho yake anaweka vitatu tena. Chai yangu anainywa na kusema, "Mama yako angeiita hii maji ya kuoshea." Chumba hiki kina watu wawili wanaokutaja wewe tu.

Kwa hiyo nimenunua tiketi. Pointi zimekwisha, na kuzingoja zijae tena ni mwaka mzima. Nimenunua kwa bei ya wiki hii, msimu wa watu wengi, bei ambayo mimi ningemcheka mtu kwayo. Ni kiti cha nyuma kabisa, cha katikati, karibu na choo. Na kadi ilikuwa imefika mwisho wa mkopo wake, nikalipa taslimu, kwa hiyo sikupata pointi hata moja. Kule dobini wamecheka mpaka wakazima mashine. Bwana Pointi kalipa noti.

Utawasili tarehe ishirini na nne, na utarudi na baba, yeye mbele wewe nyuma, labda mbadilishane njiani. Wakala anataka kopi ya pasipoti. Tuma ukurasa mmoja, mama. Vaa miwani.

Mwanao


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba zenu nyote wawili. Mimi mzima, na goti limepona kwa aibu baada ya kusikia habari za choo.

Kiti cha katikati sawa. Nitapata watu wa kuongea nao pande zote mbili. Mwambie baba yako paka anakula, kibanda nimekifunga vizuri, na wateja wanapita kuniuliza fundi yuko wapi. Nawajibu yuko kwa mwanawe.

Kopi nimetuma leo asubuhi. Dada wa kopi aliishika pasipoti, akaitazama, akanitazama, akauliza kama safari hii nina hakika ni hii. Nikamwambia, mwanangu, mimi tangu lini nikachanganyikiwa?

Mama yako