Gia Boksi Aliyoifunga Elia

Kihesa, Jumanne

Sikutaka fundi mwingine aiguse ile gia boksi ya pikapu yetu, basi. Nilijiambia nakwepa gharama, lakini ukweli ni kwamba mikono ya mwisho kuingia mle ilikuwa ya Elia, mume wangu, miezi miwili kabla hajafariki.

Gia ya tatu inachomoka yenyewe kwenye mteremko. Jumapili ilichomoka nikiwa namleta mama mkwe kutoka Idodi. Alishika dashibodi mpaka tulipofika nyumbani.

Leo asubuhi nikaipandisha pikapu kwenye jeki, nikaingia chini na spana za Elia. Nilimshikia tochi miaka kumi na mbili, nilidhani najua. Nilipolegeza nati ya tatu gari ikacheza kidogo, na papo hapo nikahisi mtu amenishika kifundo cha mguu.

"Mwanangu, toka humo," mama mkwe alisema. "Nimeshazika mmoja. Wa pili sitamweza."

Nikatoka.

Mchana gari ikavutwa hadi gereji. Fundi, mtu mzima mpole, aliifungua gia boksi mbele yangu, akauliza nani aliifunga mara ya mwisho. Nikamwambia. Akafuta mafuta kwa tambara, akaangalia ndani kwa muda mrefu.

"Alifunga vizuri sana," akasema. "Ni meno tu yamelika."

Nikakaa juu ya tairi kuukuu palepale nikalia, na yeye akaendelea na kazi yake bila kunitazama.